Bei ya Haki na Zawadi ya Pasaka
Habari za Kahawa ya Mlima Wetu na Chokoleti ya Wenzetu



Chama chetu kikuu kinatimiza miaka kumi. Katika umri wa mwanadamu, miaka kumi ni umri wa mtoto aliyeanza kutumwa dukani, naye hutazamiwa arudishe chenji sawasawa. Kwa hiyo imeonekana yafaa, katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, tusihesabu magunia na majengo peke yake, bali tutazame nyuma na kujiuliza: bei ya haki ni kitu gani, na ilitafutwa na nani? Na yule mtu wa mbali anunuaye mazao yetu, hasa wakati wa sikukuu anapomtafutia mwenziwe zawadi, yampasa kujua nini juu yetu sisi tuliotoa jasho?

Maswali haya huja vizuri wakati wa Pasaka. Hapa kwetu Pasaka huangukia masika. Mlima umejifunika wingu, njia za kupandia vihambani ni matope matupu, na buni zingali kijani mtini. Fedha ya msimu uliopita imekwisha kwa ada za shule na dawa, na fedha ya msimu ujao haijaja. Noeli humkuta mkulima wa kahawa na malipo mkononi. Pasaka humkuta na daftari la madeni. Hata hivyo watu hawaendi kanisani mikono mitupu, kwani wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Kila mmoja wetu aujua mnada ufanyikao nje ya kanisa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta alicho nacho: mkungu wa ndizi, kuku, maziwa, kahawa kidogo, au mayai machache ndani ya kikapu. Mnadishaji huliinua yai juu na kutaja bei. Mmoja huongeza, mwingine huongeza, hata yai moja likanunuliwa kwa fedha ambayo sokoni ingenunua mayai mengi. Wala haikomei hapo. Mara nyingi mnunuzi humpa yai lile mzee au mgonjwa, au hulirudisha linadiwe tena. Hivyo yai moja limekuwa zawadi mara mbili na tatu, na hakuna aliyepunjwa, kwa kuwa kila jambo limefanyika mbele ya macho ya watu wote.

Tulishike jambo hilo: zawadi, bei, na uwazi vimekutana katika yai moja. Sasa tulifuate yai lingine, lile la chokoleti, ambalo watu wa Ulaya hupeana sikukuu hiyo hiyo. Tukilifuata tutaona kwamba historia yake imepita karibu sana na yetu.

ASILI YA YAI LA CHOKOLETI

Zamani Wakristo wa nchi nyingi hawakula mayai wakati wa Kwaresima. Kuku, kwa kuwa hawafungi, waliendelea kutaga, na Pasaka ilipofika mayai yalikuwa mengi. Yakapakwa rangi, hasa nyekundu, na watu wakapeana kwa furaha ya ufufuo. Ilikuwa zawadi ya watu wa kawaida, itokayo katika banda la nyumbani, na kila aliyepewa alijua imetoka kwa nani.

Mwaka 1873 kampuni ya Fry ya mji wa Bristol, Uingereza, ilitengeneza yai la chokoleti. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, kampuni ya Cadbury ya Birmingham ikatengeneza la kwake. Tangu hapo zawadi ya Pasaka ilitoka bandani ikaingia dukani, na kitu kimoja kikabadilika pasipo watu kutambua. Aliyepewa alimjua aliyempa, lakini wote wawili hawakumjua aliyelima. Maana chokoleti hutokana na kakao, ambayo ndugu zetu wa Kyela huiita kokoa, na mti huo hauoti Uingereza. Huota katika nchi za joto na mvua, na mtu aliyeuchuma hakuwapo wakati zawadi ilipofunguliwa.

KISA CHA SÃO TOMÉ

Mwanzoni mwa karne ya 20 kakao nyingi ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, pwani ya Afrika magharibi, vilivyotawaliwa na Ureno. Wafanyakazi waliletwa kutoka Angola. Kwa maneno ya sheria walikuwa watu wa mkataba. Kwa kweli walitekwa bara, wakasafirishwa, na wengi hawakurudi kwao tena.

Wenye kampuni ya Cadbury walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker, watu ambao baba zao walikuwa wamepigana na biashara ya utumwa. Mwaka 1901 William Cadbury aliona tangazo la kuuza shamba huko São Tomé, na katika orodha ya mali ya shamba wafanyakazi wenyewe walikuwa wametiwa bei. Akafadhaika. Kampuni ikaandika barua, ikatuma mjumbe kwenda kuchunguza, ikazungumza na serikali. Mwaka 1906 mwandishi Henry Nevinson, aliyekwenda mwenyewe Angola na visiwani, alitoa kitabu kilichouita mpango ule kwa jina lake halisi, yaani utumwa. Ndipo mwezi Machi mwaka 1909 Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, wakaacha kununua kakao ya São Tomé.

Gazeti moja lilikuwa limewashutumu kwamba walikawia huku wakipata faida, nao wakalishitaki. Mwishoni mwa mwaka 1909 baraza la wazee wa mahakama huko Birmingham lilisema kampuni imeonewa, lakini likaipa fidia ya robo ya peni tu, sarafu ndogo kupita zote za nchi ile. Hukumu ilikuwa na maana yake: ni kweli mmesingiziwa, lakini si sana.

Kisa hiki chatufundisha kwamba mnunuzi ana nguvu, kwani akikataa kununua, dhuluma hukosa mlaji. Chatufundisha pia kwamba hata watu wema huweza kungoja miaka minane huku wakiendelea kununua. Na jambo la tatu latuhusu sisi zaidi: katika maneno yote yale, sauti ya mchumaji wa kakao haikusikika mahakamani wala dukani. Alihurumiwa, hakuulizwa. Hakuwa na chama.

MLIMA WETU WAPATA CHAMA

Wakati hayo yakitendeka, kahawa ilikwisha kuota mizizi Kilimanjaro. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kidogo kidogo miche ikaingia vihambani, ikasimama chini ya migomba, ikanywa maji ya mifereji iliyochimbwa na babu zetu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, wenyeji wengi walipanda kahawa yao wenyewe, nao wakatiwa moyo na Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya.

Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walisema mashamba ya Wachagga yataeneza magonjwa ya mimea, na kwamba wezi watapata pa kuficha kahawa ya wizi. Chini ya maneno hayo ilikuwamo hofu nyingine: mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua wa kahawa ya mwingine. Hapo ndipo mwaka 1925 wakulima walipounda Chama cha Wapanda Kahawa Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Chama kilisaidia kupiga dawa, kilikusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja. Na juu ya yote kililinda haki yenyewe ya Mwafrika kulima kahawa. Ndugu wasomaji, tukumbuke kwamba chama cha kwanza cha mlima huu hakikuanza kwa kuomba msaada wa mtu. Kilianza kwa kudai haki ya kuuza.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikafuatwa na Chama Kikuu cha KNCU, chenye vyama vya msingi mlimani kote. Lakini miaka ile ilikuwa ya dhiki duniani na bei ya kahawa ilianguka. Kwa amri ya utawala wa wenyeji, kahawa yote ilitakiwa kuuzwa kwa njia ya KNCU tu. Mkulima aliona malipo yanapungua, hakuelezwa vya kutosha kwa nini, na hakuruhusiwa kwenda kwingine. Mwaka 1937 ghasia zikazuka, na baadhi ya maghala ya vyama yakaharibiwa na wanachama wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1937, huko Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, makampuni makubwa ya Ulaya yalipatana yasipandishiane bei ya kakao. Cadbury, ile ile iliyoacha kununua kakao ya São Tomé mwaka 1909, ilikuwa miongoni mwao. Wakulima wakakataa kuuza. Kakao ikalala ghalani miezi kama sita, mpaka mwaka 1938, serikali ya Uingereza ilipotuma tume kuchunguza jambo hilo.

Tuyalinganishe matukio hayo mawili. Gold Coast wakulima walisimama pamoja dhidi ya wanunuzi waliofichiana shauri. Kilimanjaro wakulima walikikasirikia chama chao wenyewe, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa gizani machoni pao. Shina la ugomvi ni moja: mtu hawezi kuiamini bei asiyoelezwa. Haidhuru mficha hesabu ni kampuni ya ng'ambo au ni karani wa kijiji.

TANGU NEEMA HATA KUVUNJWA, NA KUFUFUKA

KNCU ilinusurika, ikajirekebisha, ikakua. Baada ya Vita vya pili bei ilipanda, na katika miaka ya 1950 ushirika wa Kilimanjaro ulitajwa sana katika Afrika yote. Jengo kubwa la chama likasimama mjini Moshi, na fedha ya kahawa ikasaidia shule na mafunzo ya biashara. Mwaka 1963, baada ya uhuru, Chuo cha Ushirika kilianzishwa papa hapa Moshi. Tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi ya kununua kahawa ikapewa Mamlaka ya Kahawa. Wanachama hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na KNCU ikaanza tena mwaka 1984. Lakini mti uliokatwa shina, hata ukichipuka, huhitaji miaka kabla ya kuzaa kama zamani. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na chama kikawa mnunuzi mmoja miongoni mwa wengi.

Wakati huo dhoruba nyingine ilikuwa imekwisha kupiga kutoka nje. Tangu mwaka 1962 mkataba wa kahawa wa mataifa ulikuwa ukizuia bei isianguke mno, kwa kugawa kiasi ambacho kila nchi iliweza kuuza. Mwezi Julai mwaka 1989 mgawo huo ulivunjika, na katika miezi michache bei ya dunia ikaanguka karibu nusu. Mama aliyepalilia kahawa yake Rombo, na mzee aliyepogoa mibuni yake Kibosho, walipokea nusu ya malipo kwa kazi ile ile, na sababu yake ilikuwa mkutano uliofanyika London.

BIASHARA YA HAKI YAZALIWA

Katika dhiki hiyo ndipo ilipokua njia iitwayo biashara ya haki. Mwaka 1988, huko Uholanzi, alama ya kwanza ilikuwa imetiwa juu ya pakiti za kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Iliitwa Max Havelaar, kwa jina la kitabu cha mwaka 1860 kilichofichua mateso ya wakulima wa kahawa wa kisiwa cha Java. Mwaka 1991 kampuni ya Cafedirect ilianzishwa Uingereza ili inunue moja kwa moja kwa vyama vya wakulima. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 KNCU nayo iliingia katika njia hiyo, na kahawa ya vihamba vyetu ikauzwa Ulaya ikitajwa kwa jina la mlima wake.

Kanuni yake si ngumu. Kwanza, kuna bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kuipita kwenda chini. Pili, bei ya soko ikipanda juu ya hapo, hulipwa bei ya soko. Tatu, juu ya bei hulipwa fedha ya nyongeza, ambayo si ya mtu mmoja. Wanachama huamua katika mkutano wao itumike kwa jambo gani. Mwaka 2001, bei ya dunia ilipofika senti 50 za Marekani kwa ratili na kushuka zaidi, kahawa iliyouzwa kwa biashara ya haki ililipwa senti 126, nyongeza ikiwa ndani yake. Mwaka 2011 bei ya chini iliwekwa senti 140 na nyongeza senti 20. Mwezi Agosti mwaka 2023 bei hiyo ya chini ikapandishwa kuwa senti 180.

Kakao ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1993 wakulima wa Ghana waliunda ushirika wa Kuapa Kokoo. Mwaka 1998 chokoleti iitwayo Divine ilianza kuuzwa Uingereza, na wakulima wale hawakuwa wauzaji wa kakao tu. Walikuwa na hisa katika kampuni yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyenunua chokoleti hiyo alimnunulia mwenziwe zawadi kutoka duka ambalo mkulima alikuwa mmoja wa wenyewe. Na mwaka 2010, huko huko Uingereza, lilitokea yai la Pasaka la chokoleti ya biashara ya haki, lililowekewa habari ya ufufuo ndani ya boksi. Watu wa makanisa wakaanza kuyaagiza kwa wingi, wakayapeleka mashuleni, hospitalini, na kwa maskini wa mitaa yao. Baada ya miaka zaidi ya mia, yai la dukani likaanza kulikaribia tena yai la kikapu.

TUSIJIDANGANYE

Lakini historia isemayo mazuri tu ni ngoma ya kujipigia mwenyewe. Alama juu ya pakiti si dawa ya kila ugonjwa. Mara nyingi chama huthibitishwa kwa kahawa yake yote, lakini wanunuzi wa biashara ya haki huchukua sehemu tu. Iliyobaki huuzwa kwa bei ya soko kama nyingine. Aidha uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa katika kazi zisizowafaa watoto katika kilimo cha kakao huko Ghana na Ivory Coast. Makampuni makubwa yalikuwa yameahidi tangu mwaka 2001 kukomesha aina mbaya kupita zote za kazi hizo.

Tena, bei ikiwa kubwa si lazima imfikie mkulima. Tarehe 26 Machi mwaka 2024, siku tano kabla ya Pasaka, kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la New York kwa mara ya kwanza. Sababu yake ilikuwa mavuno mabaya ya Afrika Magharibi: hali ya hewa, magonjwa, na miti iliyozeeka. Wakulima wa Ghana na Ivory Coast, ambao bei yao ilipangwa na serikali mapema, kakao ikiwa imekwisha kuuzwa kabla ya mavuno, walipata sehemu ndogo ya ongezeko hilo. Wenzetu wa Kyela, ambao mazao yao hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa mnadani kwa stakabadhi za ghala, waliona ongezeko hilo likiwafikia mikononi. Hapo twajifunza kwamba njia ya kuuza ni sehemu ya bei.

Kwa upande wa kahawa, mwezi Februari mwaka 2025 bei ya dunia ilivuka dola 4 kwa ratili. Bei ikiwa juu hivyo, wanunuzi hufika mpaka mlangoni na fedha taslimu, na mwanachama huona chama ni mzigo. Bei ikianguka, wanunuzi hao hawaonekani, naye mwanachama hurudi kulilia chama alichokiacha. Ndugu zetu wa Kagera wana neno butura, yaani kuuza kahawa ingali changa mtini kwa mwenye fedha, kwa bei ya dhiki. Kwetu pia jambo lenyewe si geni, hata kama hatulitaji. Nalo hutokea hasa katika miezi hii ya masika na Pasaka, wakati mfuko ni mtupu. Chama kisichokuwa na akiba wala mkopo nafuu wa kumvusha mwanachama wake miezi hiyo humwacha aiuze haki yake kabla haijaiva.

BASI, YATUPASA NINI?

Ndugu wanachama, tumezoea kudai haki kwa mtu wa mbali. Na yafaa tudai, kwa maana yai la chokoleti au kikombe cha kahawa ambacho mzalishaji wake hakulipwa si zawadi. Ni mali ya mtu mmoja iliyotolewa na mwingine. Anayetaka kutoa zawadi safi wakati wa Pasaka na amlipe kwanza aliyeitengeneza. Huruma haiwezi kushika nafasi ya malipo. Lakini mizani hiyo tunayomwekea mnunuzi wa Ulaya yatupasa tuiweke pia nyumbani kwetu.

Kwanza, tuanze na mizani yenyewe ya chama. Kila mwanachama alipimiwe kahawa yake mbele ya macho yake, aandikiwe stakabadhi, na jumla isomwe hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ghala la mwaka 1937 halikuvunjwa na adui. Lilivunjwa na kutoelezwa.

Pili, fedha ya nyongeza inapopatikana, iamuliwe na mkutano, na matumizi yake yabandikwe ukutani kwa maandishi makubwa ambayo hata mzee mwenye macho mafifu ataweza kusomewa na mjukuu wake. Nyongeza isiyojulikana imekwenda wapi huzaa manung'uniko kuliko kukosa nyongeza kabisa.

Tatu, tuwatazame wachumaji wetu. Vijana wengi wamehama kwenda mijini, na wakati wa mavuno wengi wetu huajiri vibarua. Je, kibarua hulipwa siku ile ile, au huambiwa angoje mpaka malipo ya pili? Na mtoto anayesaidia kuchuma Jumamosi, je, Jumatatu yuko darasani? Na mama anayepalilia, kuchuma, kumenya na kuanika kahawa, je, jina lake limo katika daftari la wanachama, au limo la mumewe tu? Hatuwezi kumlaumu mwenye shamba la São Tomé huku sisi tukimsahau mtu aliyeinama katika kihamba chetu.

Nne, tujifunze kupeana mazao yetu wenyewe. Ni jambo la kushangaza kwamba nyumba nyingi za mlima huu huuza kahawa yote na kunywa chai, kama vile wakulima wengi wa kakao wasivyoijua ladha ya chokoleti. KNCU ilipofungua mkahawa wake mjini Moshi ilituonyesha kwamba kahawa yetu yaweza kukaangwa na kunywewa hapa hapa. Pasaka ijayo, mwenye kwenda kumtazama mgonjwa, mwenye kumsalimu mkwe, au mwenye kumtumia mwanawe aliye Dar es Salaam kifurushi, na atie ndani pakiti ya kahawa ya chama. Na mwenye uwezo wa kununua chokoleti kwa watoto, atafute ile ambayo kakao yake imenunuliwa kwa haki, ikiwa ni ya Kyela, ya Kilombero au ya Ghana. Mkulima akimnunua mkulima mwenziwe kwa haki, hapo ndipo ushirika utakapokuwa umevuka mipaka ya daftari la wanachama.

Tumeanza na yai la mnadani, na tumalizie hapo. Yai lile halikupata bei kubwa kwa sababu ni kubwa kuliko mengine. Lilipata bei kwa sababu watu wote walimwona aliyelileta, wakaisikia bei ikitajwa kwa sauti, na wakajua fedha inakwenda wapi. Miaka kumi ya chama chetu itakuwa imefanya kazi njema ikiwa kila gunia litokalo katika maghala yetu linaweza kusimama mbele ya watu namna ile ile. Na katika miaka kumi ijayo, mwenye kuuliza aliyelima ni nani na alilipwa kiasi gani, apewe jibu kutoka daftarini bila kungoja.

Mungu aubariki mlima wetu, ushirika wetu, na mikono yote ichumayo. Pasaka njema, na mavuno mema.